Asiyeitika Hayumo

Saa mbili za asubuhi, siku ya Jumamosi ambayo Chama cha Wakulima wa Mpunga wa Mkuyuni kilikuwa kiandike majina ya wenye makonde, mwenyekiti wa chama hicho alikuwa bado amesimama uani kwake, kanzu imepigwa pasi, koti mkononi, akingoja dada yake amalize kunyamaza.

Mwaija alikuwa ndani, nyuma ya pazia la mlango. Alikuwa kizuka. Mumewe, Rehani, alifariki kwa homa miezi mitatu nyuma, na kwa kuwa upande mmoja wa paa lao uliporomoka wiki ileile ya msiba, mwalimu wa msikitini alimruhusu akakae eda kwa kaka yake. Zilikuwa zimebaki siku arobaini.

“Kaka,” alisema mwishowe, “jina la marehemu litasomwa leo?”

“Litasomwa. Limo daftarini.”

“Nani ataliitikia?”

Mwinshehe alivaa koti, mkono mmoja, kisha wa pili. “Unaijua kanuni, Mwaija. Kila mtu huitika kwa kinywa chake. Mjane anaruhusiwa kushika nafasi ya mumewe, lakini aje mwenyewe.”

“Nije hivi nilivyo?”

“Sijasema uje.”

“Umesemaje, basi?”

Alikuwa hajasema kitu, na alijua hivyo. Barua ilikuwa imetoka bomani: mfereji utachimbwa kuleta maji ya Ruvu mpaka bondeni, nao wakulima wapeleke orodha ya majina, kila konde na mwenyewe. Atakayekosekana katika orodha atangoja igawiwe ardhi nyingine, na hakuna aliyejua itagawiwa lini. Barua haikusema orodha ipatikane vipi. Namna ya kuipata aliibuni Mwinshehe mwenyewe.

“Konde lile tumelilima miaka kumi na mmoja,” Mwaija alisema. “Rehani alikuwa akienda mashamba ya mkonge nusu ya mwaka. Mimi ndiye niliyekaa dunguni kuamia ndege. Mikono hii ndiyo iliyoinua tuta la upande wa kusini.”

“Najua.”

“Anajua mwenyekiti, au anajua kaka?”

“Mwenyekiti hana upande,” alijibu Mwinshehe. Ni neno alilolipenda. “Konde lako na langu yamepakana. Wewe unakaa kwangu. Nikifungua kinywa kwa ajili yako, kabla ya adhuhuri watasema nimekula makonde mawili.”



“Nimesikia,” Mwaija alisema.

Mwinshehe alishukuru kwa jibu lile fupi, kisha akaona haya kwa kushukuru. Mkewe, Biubwa, alikuwa akipepeta mchele karibu na jiko. Alimwangalia kutoka kofia mpaka viatu.

“Mume wangu, watu wenyewe ni wa hapahapa. Hakuna asiyejua konde lile ni la nani.”

“Kama wanajua, waseme wao.”

“Watasemaje, na wewe umewafundisha kunyamaza mpaka waruhusiwe?”

Mwinshehe alichukua daftari lake na kengele yake, akatoka.

Mikutano ilifanyika katika banda la chuo cha Kurani, watoto wakipewa ruhusa siku hiyo. Kabla ya Mwinshehe kuchaguliwa, mkutano wa Mkuyuni ulikuwa kitu cha kusikitisha. Mtu alikuja alipopenda, watu wanne walisema kwa pamoja, mmoja akasimulia habari za ng'ombe wa Lugoba, na jua likapinda jambo lenyewe halijaguswa. Mwinshehe alikuwa amepima nazi kavu ghalani Dar es Salaam miaka saba, na miaka mitano kati ya hiyo alisoma shule ya jioni. Huko ndiko alikoandika katika daftari la kurasa themanini namna ya kufungua mkutano, kuuendesha na kuufunga. Alirudi nalo nyumbani kama mwingine arudivyo na cherehani.

Dawa yake kubwa ilikuwa ile ya majina. Zamani mtu aliitikia jina la jirani yake: “Yupo, anakuja,” naye yupo kitandani. Mwinshehe akaweka kanuni kwamba asiyeitika kwa kinywa chake hayumo. Waliipitisha wakicheka. Tangu hapo walikuwa wakiwahi.

Siku hiyo kulikuwa na mgeni, Bwana Shamba, kijana wa Morogoro aliyevaa kaptula na soksi ndefu, amekalishwa kwenye kiti cha pili chenye mgongo. Alikuwa na kitabu kidogo na kalamu ya risasi. Mwinshehe aligonga kengele mara moja. Watu thelathini na wanane walisimama. Wakasoma Fatiha, wakapangusa nyuso, wakangoja akae ndipo nao wakae.

“Natangaza kwamba mkutano huu umefunguliwa saa tatu na dakika tano,” alisema. “Katibu ataandika. Mwenye la kusema atanyosha mkono. Hatasema mpaka aitwe, na akiitwa atasema na kiti, hatasema na mwenzake.”

Kisha akasoma majina. Katibu, Ausi, alikaa kando yake na kalamu ya wino.

“Majaliwa bin Feruzi.”

“Nipo.”

“Bwanausi bin Kombo.”

“Nipo, Bwana Mwenyekiti.”

Majina yalikwenda vizuri, yakiitikwa kwa zamu, na Mwinshehe aliona Bwana Shamba akitikisa kichwa kwa kuridhika. Alipofika ukurasa wa pili sauti yake haikubadilika.

“Rehani bin Mwinyijuma.”

Watu walitazama miguu yao. Mmoja alikohoa. Kila mtu mle ndani alikuwa amelibeba jeneza la Rehani, na kila mtu alijua mjane wake amelala nyumba ya nani. Hakuna aliyenyosha mkono. Mwinshehe alisubiri kidogo, akimwomba Mungu mtu yeyote anyoshe mkono, na akimwomba pia asinyoshe mtu.

“Nipo,” ikasema sauti mlangoni.

Aliyeingia alikuwa Kulwa, mfuma matenga. Babu yake alikuwa Mnyamwezi aliyeshuka Bagamoyo na pembe begani, akatua mzigo, asirudi tena kwao. Tangu hapo ukoo wake na watu wa Mkuyuni walikuwa watani. Siku ya maziko ya Rehani ni yeye aliyekaa juu ya udongo wa kaburi akagoma kuinuka mpaka apewe mundu wa marehemu. Sasa alikuwa amevaa kanzu ya Rehani, na puani ametia pamba kama maiti aliyeoshwa.

“Samahani kwa kuchelewa, Bwana Mwenyekiti,” alisema kwa sauti ya puani. “Nilikotoka hakuna saa wala jogoo.”

Banda lilicheka. Lilicheka lote, hata wazee, kama watu waliotolewa jiwe kifuani.

“Nilikuwa nahojiwa na Munkari na Nakiri,” Kulwa aliendelea, akichechemea kama Rehani alivyokuwa akichechemea. “Nao wana mkutano mrefu. Lakini wale, ndugu zangu, wakiuliza swali humngoja mtu ajibu.”

“Mwandikeni!” Majaliwa alisema huku anajifuta macho. “Marehemu kaja mwenyewe.”

“Sitaki mengi,” alisema Kulwa. “Mke wangu yumo ndani, hatoki, siku zake hazijaisha. Nimekuja kulishika konde mpaka atoke. Akitoka nitamwachia, mimi nirudi nikalale.”

Jambo lilikuwa limekwisha. Lilikuwa limesemwa na aliye na haki ya kusema chochote, na limekubaliwa kwa kicheko, ambacho Mkuyuni kilikuwa na nguvu kuliko mikono iliyonyoshwa. Mwinshehe alitakiwa kucheka tu na kumwambia Ausi, “Andika.” Ausi alikwisha weka kalamu tayari.

Mwinshehe aliitazama kanzu. Begani ilikuwa na kiraka cha kitambaa cha samawati, kwa kuwa siku aliyokitia Mwaija hakuwa na cheupe. Kanzu hiyo ilikuwa ikikaa ndani ya sanduku, katika chumba cha ndani, nyumbani kwake. Alijua imetoka mikononi mwa nani, na alijua imekuja kusema nini.

Alimtazama Bwana Shamba. Bwana Shamba hakuwa anacheka. Alikuwa anaandika katika kitabu chake.

Mwinshehe aligonga kengele. Kicheko hakikukoma.

“Unaniamsha?” Kulwa aliuliza. “Nimeshaamka.”

Kicheko kikapanda. Mwinshehe alisikia masikio yake yakiwaka moto. Alisimama.

“Huyu si mwanachama,” alisema. “Atoke.”

Banda likanyamaza, mstari kwa mstari, kutoka mbele mpaka nyuma. Kulwa alitoa pamba puani, moja, kisha ya pili, na sauti yake ikarudi kuwa yake.

“Mtani, unanifukuza mimi, au unamfukuza Rehani?”

“Nafukuza fujo.”

Kulwa aliangalia watu, watu wakaangalia mkeka. Alitoka taratibu, akiinua kanzu isiguse matope ya mlangoni.

“Rehani bin Mwinyijuma hayupo,” alisema Mwinshehe. “Katibu, kata.”

Ausi alichovya kalamu mara mbili kabla ya kukata.

Konde lisilo na mtu lilikwenda kwa aliyekuwa wa kwanza katika waliokuwa wakingoja kuongezewa. Huyo alikuwa Majaliwa, mwenye watoto wa kiume wanne waliokwisha kuwa watu wazima na konde moja tu. Hakuna aliyeweza kusema hana haja. Mikono ilinyoshwa ikahesabiwa. Ulipofika wakati wa kufunga, Bwana Shamba aliomba neno, akasema kwamba kutoka Vigwaza mpaka Ubena hajaona mkutano wenye utaratibu kama ule. Watu walipiga makofi. Mwinshehe aliinamisha kichwa kidogo, na kijana alipoondoka alimsindikiza mpaka njiani, ili asitazamane na mtu.

Chakula cha mchana kiliwekwa uani, wali na mchicha. Mwinshehe alinawa. Nyuma ya pazia sauti ikasema:

“Shikamoo, Bwana Mwenyekiti.”

“Marahaba.” Hakuwahi kuitwa hivyo na dada yake. “Mwaija, sikiliza —”

Mkono ulitokeza kando ya pazia. Ulinyoshwa juu, vidole vimebanwa pamoja, ukakaa hivyo. Kwanza hakuelewa.

“Una nini?”

“Naomba ruhusa ya kusema.”

Biubwa aligeuza uso kwenye chungu. Mwinshehe aliweka tonge chini.

“Sema.”

“Naomba chumvi.”

Biubwa alimpelekea chumvi. Mwinshehe aliyaeleza yaliyopita, yote kwa mpango, kama anayesoma kumbukumbu: jina liliitwa, halikuitikiwa, wanachama waliamua, mikono thelathini na mmoja. Hakutaja Kulwa. Alipomaliza, mkono ulikuwa juu tena.

“Mwaija, acha hayo. Hapa ni nyumbani.”

“Basi sina ruhusa.”

“Sema.”

“Kanzu ya marehemu imerudi. Kulwa amemletea wifi mlango wa nyuma. Imeingia matope. Naomba maji ya kuifulia.”

Mwinshehe hakumaliza wali. Biubwa alimfuata barazani na maji ya kunawa, akammiminia.

“Mimi ndiye niliyempa Kulwa,” alisema. “Ulipopinda tu kwenye ule mnazi. Mwaija aliitoa sandukuni, mimi nikaipeleka.”

“Kwa nini hamkuniambia?”

“Tungekuambia ungesema haimo katika ajenda.” Hakucheka. “Uliijua ile kanzu?”

“Palikuwa na watu wengi.”

“Sikukuuliza watu. Uliijua?”

Mwinshehe alisema maji yanatosha.

Siku tatu mkono ule uliendelea. Ulinyoshwa kuombea mkaa, kuuliza kama imeadhiniwa, kumkumbusha kaka yake kwamba kikohozi chake kinahitaji tangawizi. Mwaija hakumtupia neno baya hata moja. Aliomba ruhusa, akapewa, akashukuru.

Siku ya nne Mwinshehe alikamata kuku. Alimfunga miguu, akamtia kwapani, akakatiza kijiji kizima mpaka kwa Kulwa. Hakukuwa na njia ya kupita pembeni, na hakukuwa na mtu asiyejua maana ya mtu mzima kubeba kuku kwenda kwa mtani wake. Anayemkasirikia mtani hulipa faini. Wanawake kisimani walimwamkia kwa adabu kubwa kuliko kawaida, na alipopita akasikia mmoja akisema, “Leo kuku naye yumo.”

Kulwa alikuwa kivulini mwa upenu, amezungukwa na njiti za makuti. Hakuinuka.

“Karibu, mtani. Huyo kuku ana kanuni, au ni kuku tu?”

“Ni faini yako. Nilikasirika siku ile.”

Kulwa alimpokea kuku, akampapasa kidari. “Mwembamba. Mmefunga saumu pamoja?” Kisha akacheka, akamshika mkono Mwinshehe akautikisa. “Yamekwisha. Leo jioni mimi nala, wewe unasikia harufu.”

Yalikuwa yamekwisha kweli, kwa upesi ule ule wa utani, na Mwinshehe aliona jinsi kukwisha kwake kusivyomsaidia. Aliendelea kukaa. Alichukua njiti moja akaikunja, akaikunjua.

“Orodha inakwenda bomani Alhamisi,” alisema. “Kesho nitaitisha mkutano mwingine. Nataka uje. Uvae tena vile, uingie, useme vile vile. Safari hii nitacheka.”

Kulwa aliweka chini tenga alilokuwa akifuma.

“Utacheka.”

“Nitacheka, na nitamwambia Ausi aandike.”

“Mtani wangu,” Kulwa alisema polepole, “siku ile watu walimwona Rehani. Kesho wataniona mimi nimevaa kanzu ya mtu. Mzaha hauitishwi kwa kengele.” Akarudi kwenye tenga lake. “Mimi nilikuja kusema kwa sababu wewe hukutaka kusema. Kinywa unacho. Kakitumie.”

Mkutano wa pili ulikuwa saa kumi, baada ya sala ya alasiri. Mwinshehe aliufungua kama kawaida, kisha akafanya jambo ambalo alilisoma tu katika daftari lake na hakuwa amepata kulifanya: alimwita makamu wake, Bwanausi, akampa kiti, na yeye akaenda kukaa mkekani katikati ya wanachama. Watu walisogea kumpa nafasi kubwa kuliko aliyohitaji. Alinyosha mkono. Bwanausi, mzee wa watu, aliangalia kengele kana kwamba itamuuma.

“Bwana Mwinshehe. Sema.”

“Naomba mkutano ulitazame upya konde la marehemu Rehani. Mjane wake alikuwa na udhuru wa sheria. Alimtuma Kulwa amsemee. Kulwa alitolewa kabla ya kusikilizwa.”

“Alitolewa na nani?” iliuliza sauti nyuma.

“Na kiti,” alisema Mwinshehe.

Majaliwa alinyosha mkono, akaitwa, akasimama. Alikuwa mtu mkubwa, mpole, na alisema kwa shida.

“Mimi sikuiba konde la mtu. Niliambiwa ni langu, nikanyosha mkono kama wengine. Wanangu wamekwisha ng'oa magugu. Sasa nisaidieni. Kama siku ile kiti kilijua kwamba Kulwa kaja na ujumbe wa mjane, kikamtoa makusudi, basi uamuzi wetu umeharibika toka mwanzo, na mimi narudisha konde leo hii, sina kinyongo. Lakini kama kiti hakikujua, kikadhani ni utani tu, basi ni bahati mbaya. Bahati mbaya haina mwenye kosa, na mimi nina watoto wanne.”

Watu walikubali kwamba hilo ni neno la haki. Hata Bwanausi alitikisa kichwa. Ausi aliinua kalamu.

“Naomba kuuliza, kwa ajili ya kumbukumbu,” alisema. “Bwana Mwinshehe, siku ile ulijua Kulwa ametumwa?”

Lilikuwa swali rahisi, la neno moja. Mwinshehe alikuwa ametembea na neno hilo siku nne. Alikuwa amekuja nalo mkutanoni, lilikuwa mdomoni. Lakini alipoinua macho aliona nyuso thelathini na kitu, nyuso za watu aliowafundisha kusimama na kukaa, zikimngoja ziandike jinsi alivyo. Alimwona Ausi, kalamu juu ya karatasi. Kumbukumbu zilikuwa zikienda bomani pamoja na orodha. Bwana Shamba angezisoma.

“Sikujua,” alisema.

Kalamu ilikwaruza.

“Basi,” Bwanausi alisema kwa huzuni ya kweli, “uamuzi unabaki.”

Majaliwa alikuwa bado amesimama. Alijikuna shingo.

“Hata hivyo,” alisema, “mjane ni mjane. Nitamkatia kipande upande wa tuta la kusini. Robo hivi. Si kwa kanuni. Ni hisani yangu tu, na wanangu wamsaidie kulima mwaka huu.”

Watu walipiga makofi. Kadhaa walimpa Majaliwa mkono, na wawili watatu wakampa Mwinshehe pia, wakimsifu kwa kushuka kitini. Alikwenda kuipokea kengele kutoka kwa Bwanausi. Akafunga mkutano saa kumi na moja kasorobo.

Nyumbani aliwakuta wamekwisha pata habari. Alisimama mbele ya pazia akangoja mkono utokeze. Haukutokeza.

“Dada yako amelala,” Biubwa alisema, naye Mwaija alikuwa anasikika waziwazi akisogeza kibao cha mbuzi huko ndani.

Eda ilikwisha wiki tano baadaye, siku ya Jumatano. Mwaija alikogeshwa, akabadilishwa nguo, akafukizwa ubani. Wanawake walimtoa mpaka mlangoni akatazama nje kama anayetoka chomboni. Siku ya pili yake alisema lazima aende kwa Majaliwa kumshukuru. Mwanamke haendi peke yake kwa jambo kama hilo. Huenda na mtu wake, na mtu wake alikuwa Mwinshehe.

Walikwenda watatu, Mwinshehe mbele, Biubwa na Mwaija nyuma. Njia ilipita kando ya bonde. Watoto wa Majaliwa walikuwa wamelilima konde vizuri, udongo umepinduka mweusi, unang'aa. Kipande cha robo kilikuwa kimepigiwa kamba na vijiti kwenye tuta la kusini. Mwaija hakusimama. Alikitazama akipita, kama mtu anavyomtazama mtoto wake akichezea uani kwa jirani.

Kwa Majaliwa walikuta watu wengi barazani, wanawe na majirani wawili. Walikaribishwa, wakaamkiana, wakaulizana hali mpaka zikaisha. Mwaija akapiga magoti penye ukingo wa mkeka.

“Baba Majaliwa,” alisema, “nimekuja kukushukuru kwa kipande ulichonipa. Mungu akuzidishie.”

Majaliwa alitahayari. “Inuka, mama. Inuka. Mimi nimetoa kidogo nilichoweza.” Akatafuta la kusema, na akalipata, na uso wake ukafunguka kwa wema. “Usinishukuru mimi. Mshukuru kaka yako. Mwenyekiti mzima akaacha kiti chake, akakaa chini, akaomba kama sisi. Mimi sijaona. Wangapi wana kaka wa namna hiyo?”

“Wachache,” alisema jirani mmoja.

Mwaija aligeuka. Miezi minne ndani ilikuwa imemwacha mweupe wa uso, macho yameingia. Alimtazama Mwinshehe, na kwa muda mfupi Mwinshehe aliona kwamba atayasema: kanzu, kiraka, yote, hapohapo mbele ya watoto wa watu. Akatamani aseme, kama mwenye jipu anavyotamani wembe. Biubwa alikuwa ameinamia ukili wa mkeka.

Mwaija akamshika kaka yake mkono wa kulia, akaubusu.

“Ahsante, kaka,” alisema, “kwa kunisemea.”

Baraza lote likamgeukia Mwinshehe, kila mmoja akitabasamu, wakingoja aitikie.

“Starehe, mdogo wangu,” akasema, na sauti ikamtoka safi, isiyokwaruza popote, ya kusikika mpaka nyuma.